Kumpeleka mama mkwe Blackwater: subirini Novemba, na mkaa uacheni nyumbani

Swali la Baba Neema, Silver Spring, Maryland:

Shikamoo mtaalamu. Mama mkwe amefika kutoka Moshi na atakaa nasi hadi wiki ya kwanza ya Desemba. Amezaliwa chini ya Kilimanjaro lakini hajawahi kuingia hifadhi yoyote, kwa hiyo tumeona tumtembeze huku. Tumesikia kuna hifadhi ya serikali iitwayo Blackwater, ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake. Tumepanga wikendi ya tarehe 4 Julai, familia tatu, magari matatu, na jiko la mkaa kwa ajili ya nyama. Goti linamsumbua, hawezi kutembea mbali. Neema anaingia darasa la nne mwaka huu wa masomo, mdogo wake ana miaka mitano. Je, tukodi mwongoza watalii? Kiingilio ni kiasi gani? Na tutaona wanyama gani hasa?

Jibu:

Marahaba, Baba Neema. Mpe mama pole ya safari, na umwambie karibu sana.

Mahali mmepachagua vizuri. Siku ndiyo mmekosea. Tarehe 4 Julai ni karibu siku mbaya kuliko zote za kumpeleka mtu mzima mwenye goti bovu kwenye kinamasi cha Dorchester, wilaya ilipo Blackwater. Kwa kuwa mama yupo hadi Desemba, bahati iko upande wenu: sogezeni safari hadi Jumamosi ya katikati ya Novemba, ile inayotangulia wiki ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Alhamisi ya nne ya Novemba. Nyama choma nayo itafutiwe siku yake na mahali pake. Sababu nitazieleza, maana ukizishika utaweza kupanga safari ya hifadhi yoyote ya aina hii Marekani bila kumuuliza mtu.

Tuanze na aina ya mahali penyewe, kwa sababu swali lako la mkaa linaonyesha mnadhani mnakwenda bustani ya mapumziko. Jina kamili ni Blackwater National Wildlife Refuge, na msimamizi wake ni U.S. Fish and Wildlife Service, idara ya serikali ya samaki na wanyamapori, si wale wa National Park Service wanaosimamia Yellowstone na Grand Canyon. Hifadhi za Park Service zilianzishwa ili watu wazione na wazifurahie. Hizi nyingine zilianzishwa ili ndege na wanyama wapate pa kujificha, binadamu akija ni mgeni wao. Ya kwanza kabisa ni kisiwa kidogo cha Pelican Island, Florida, ambacho Rais Theodore Roosevelt alikitenga mwaka 1903 kwa sababu ndege walikuwa wanamalizwa kwa ajili ya manyoya ya kupamba kofia za mabibi wa mjini. Leo ziko zaidi ya 570, na kila jimbo lina angalau moja.

Sheria ya mwaka 1997 inayoziongoza iliweka mambo sita ambayo mgeni anapewa kipaumbele kuyafanya humo: kuwinda, kuvua samaki, kuangalia wanyama, kuwapiga picha, kujifunza kuhusu mazingira, na kupewa maelezo ya mahali hapo. Shughuli nyingine yoyote lazima kwanza ithibitike kwamba haiharibu lengo la hifadhi. Mishikaki haimo kwenye orodha. Moto wa wazi hauruhusiwi isipokuwa pale palipotengwa rasmi, na muziki mkubwa wa magari matatu utawafukuza wale mliowafuata.

Najua umesoma neno kuwinda ukashtuka. Watu wengi wa kwetu hushtuka. Lakini fikiria mpangilio wa Tanzania: Serengeti au Mikumi, chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, huwezi kufyatua risasi, ila kwenye mapori ya akiba yaliyo chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, uwindaji wa kibali upo. Blackwater kwa hilo inafanana zaidi na pori la akiba. Na fedha za wawindaji zimenunua sehemu kubwa ya ardhi hizi. Tangu 1934 kila mwindaji wa bata Marekani mwenye umri wa miaka 16 au zaidi analazimika kununua stempu ya serikali yenye picha ya bata, Duck Stamp, ambayo sasa ni dola 25, na senti 98 za kila dola hurudi kwenye kununua na kulinda ardhioevu. Kwa hiyo mkisikia bunduki ikilia mbali asubuhi ya Novemba, mwambie mama asiogope, hakuna vita.

Sasa majira, ndiyo kiini cha jibu langu.

Blackwater ilianzishwa mwaka 1933 kama kituo cha bata na bata bukini wanaohama kwenye njia ya Atlantiki. Hao ndege huzaliana kaskazini ya mbali, Kanada na kwenye tambarare za Aktiki, halafu baridi ikianza kuuma wanateremka kusini. Kwenye ghuba ya Chesapeake wanaanza kuonekana kwa wingi vuli inapokolea, na kuanzia Novemba hadi Februari ndipo maji ya Blackwater yanajaa: bata bukini wa Kanada wenye shingo nyeusi, bata bukini weupe wa theluji, swani wa Aktiki, na bata wa kila rangi. Mwezi Julai hao wote hawapo. Ukienda Julai utawakuta tai wavuvi wale wa rangi ya kahawia na nyeupe wakilisha makinda juu ya majukwaa ya miti, utaona korongo wa buluu na yangeyange, utaona kobe wa maji wakiota jua juu ya magogo. Si haba. Lakini utawaona kupitia dirisha lililofungwa, kwa sababu ya mbu, pamoja na inzi wa kinamasi wanaokata nyama kabisa. Watoto watalia, mama atauliza kwa nini mmemleta huku wakati mbu amewaacha nyumbani.

Kisha kuna daraja. Ili kufika huko lazima uvuke Bay Bridge kwa barabara ya US 50, maili nne na kitu juu ya maji, na hiyo hiyo ndiyo barabara ya nusu ya Maryland kwenda Ocean City kuogelea. Wikendi ya tarehe 4 Julai foleni pale inaweza kumeza asubuhi yenu yote, ndani ya joto. Novemba mnapita moja kwa moja.

Julai basi mfanye nini? Mna hifadhi ya aina hiyo hiyo karibu na mlango wenu: Patuxent Research Refuge, pale Laurel, kati ya Washington na Baltimore. Ilianzishwa mwaka 1936 na ndiyo pekee nchini iliyoundwa mahususi kwa utafiti wa wanyamapori. Haina kiingilio. Nendeni saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, mkae pembeni ya ziwa dogo la Cash Lake kivulini, watoto waone kobe, kulungu na vipepeo, saa nne mko nyumbani. Iwe kama mazoezi. Na nyama choma ifanyieni bustani ya jimbo yenye meza na majiko ya kuchomea. Sandy Point, upande huu wa Bay Bridge, wanayo, na mama ataliona daraja lote akiwa amekaa kwenye kiti chake. Wikendi za kiangazi huwa pamejaa mno, kwa hiyo ulizieni utaratibu wa nafasi mapema, msije mkageuzwa getini na sufuria zenu.

Turudi Novemba. Saa ndiyo jambo la pili baada ya majira. Ndege wa maji wana vipindi viwili vya pilikapilika, alfajiri na jioni; katikati ya mchana wengi wanasinzia au wameenda mashambani kula mabaki ya mahindi. Katikati ya Novemba jua linachomoza huko kama saa moja kasorobo asubuhi na kuzama kama saa kumi na dakika arobaini na tano jioni. Kutoka Silver Spring ni mwendo wa saa mbili hivi. Mkiondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, watoto wakiwa wamelala nyuma, mtafika saa moja na nusu, na huo ni muda mzuri kwa familia. Mpiga picha ningemwambia aondoke saa moja kabla yenu, ila bibi na mtoto wa miaka mitano wana haki ya usingizi.

Njia yenyewe: mkishavuka mto Choptank mtaingia mji wa Cambridge. Jazeni mafuta hapo, na kila mtu aende chooni. Kisha shikeni barabara ya 16 kuelekea magharibi hadi Church Creek, kata kushoto barabara ya 335, halafu kushoto tena Key Wallace Drive. Pakueni ramani kwenye simu kabla ya kuondoka kwani mtandao wa huko si wa kuutegemea. Na simu ikiwashauri kupita Maple Dam Road upande wa Shorters Wharf, ikatalieni msipokuwa mmeangalia maji kupwa na kujaa. Ni barabara yenye mandhari ya ajabu, lakini maji yakijaa yanaikalia, na ni maji ya chumvi, gari halitawashukuru.

Ndani ya hifadhi kuna barabara ya lami inayoitwa Wildlife Drive, karibu maili nne, kando ya madimbwi na mto Blackwater. Hufunguliwa kuanzia mapambazuko hadi machweo. Hii ndiyo dawa ya goti la mama. Ndege wamezoea magari. Gari likisimama hawajali sana, ila mlango ukifunguliwa na mtu akachomoza, bata walio mita thelathini wanaruka. Kwa hiyo gari lenu ndiyo maficho bora mtakayopata, na mama akiwa kiti cha mbele ana nafasi nzuri kuliko vijana wanaotembea.

Fanyeni hivi. Endesheni polepole, mkiona kundi simameni pembeni bila kuziba njia, zimeni injini kabisa. Teremsheni kioo. Kunjeni kanga au taulo muiweke juu ya ukingo wa dirisha, mama aegemeze darubini hapo. Mkono wa mtu mzima unatetemeka na darubini huzidisha mtetemo huo. Juu ya kanga inatulia. Mfundishe kabla hamjaondoka nyumbani: amwangalie ndege kwa macho matupu, asigeuze kichwa wala asimwachie, halafu ainue darubini ije kwenye macho. Wengi huanza kwa kuweka darubini usoni ndipo wamtafute ndege, wanaishia kuona mawingu. Mkitaka kununua, tafuteni iliyoandikwa 8x42 au 8x32. Namba ya kwanza ni mara ngapi inavuta karibu, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Msidanganyike na za 20 au 30 zinazouzwa bei ya kutupa, hazitulii mkononi.

Magari matatu pia yapungue. Jipangeni kwenye mawili, au basi mfuatane kwa nafasi, maana msafara ukisimama wote mahali pamoja na milango ikaanza kugongwa, kilichokuwepo kitaondoka. Kuna ishara moja ya kuwafundisha watoto: ndege akiacha kula akainua shingo na kuwatazama, mmeshakaribia mno. Rudini nyuma kidogo au kaeni kimya hadi ainamishe kichwa tena. Hao wametoka safari ya maelfu ya kilomita, na kila wanaporushwa bila sababu wanachoma mafuta waliyokuja kuyatafuta.

Mtaona nini? Naomba mama asiahidiwe tembo. Watu wa kwetu wakisikia hifadhi wanatarajia simba, kisha wanarudi wananung'unika kwamba wameonyeshwa bata. Mweleze mapema kwamba hapa mnyama mkubwa ni wingi wenyewe. Bata bukini wakinyanyuka kwa maelfu, sauti yake utaisikia kifuani kabla hujaisikia masikioni.

Halafu kuna tai. Blackwater ni miongoni mwa sehemu zenye tai wengi wa kichwa cheupe kwenye pwani ya mashariki kaskazini ya Florida, na wapo mwaka mzima. Majira ya baridi wa kaskazini huja kuungana nao. Ni ndugu wa karibu wa yule tai wa kichwa cheupe anayelia juu ya maji ya Naivasha na Rufiji, kwa hiyo mama anaweza akamtambua sura. Ndege huyu alikaribia kwisha Marekani kwa sababu ya dawa ya wadudu ya DDT, iliyofanya maganda ya mayai yake yawe mepesi yakapasuka kabla ya kuanguliwa. DDT ilipigwa marufuku mwaka 1972, na mwaka 2007 tai akaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Cha kuchekesha, pamoja na kuwa kwenye nembo ya taifa tangu karne ya 18, alitangazwa kisheria kuwa ndege wa taifa Desemba 2024 tu. Mtafuteni juu kabisa ya misonobari mikavu, doa jeupe lisilotikisika. Mpe Neema daftari na kalamu, kazi yake ahesabu tai. Utashangaa jinsi gari litakavyotulia.

Hiyo misonobari mikavu nayo msiipite tu. Haikuchomwa moto, imekufa kwa chumvi. Bahari inapanda, ardhi ya eneo hilo nayo inadidimia, na tangu mwaka 1938 hifadhi imepoteza zaidi ya ekari 5,000 za kinamasi ambazo sasa ni maji matupu. Uharibifu mwingine ulitoka kwa nutria, panya mkubwa wa Amerika Kusini aliyeletwa huko kwa biashara ya manyoya akawa anang'oa majani ya kinamasi na mizizi yake. Mradi wa kumwondoa ulianza mwaka 2002, wakakamatwa zaidi ya 14,000, na mwaka 2022 ikatangazwa rasmi kwamba wamekwisha eneo lote la Chesapeake. Mkiona panya mkubwa akiogelea leo, huyo ni maskrati wa asili, mwacheni na nyumba yake ya matete.

Msituni, kando ya barabara, angalieni pia kindi mkubwa wa kijivu wa rasi hiyo ya Delmarva, ambaye aliondolewa kwenye orodha ya hatari mwaka 2015. Anatembea chini kuliko kupanda miti, ana mkia mzito. Na jioni muwe macho kwa sika, kulungu mdogo wa asili ya Asia ambaye mababu zake waliachiwa kwenye kisiwa cha James Island mwaka 1916.

Kwa wenye miguu mizuri zipo njia fupi za kutembea. Marsh Edge Trail ni theluthi moja ya maili, ina sehemu ya mbao juu ya kinamasi, na hata kiti cha magurudumu kinapita. Mama akijisikia aijaribu taratibu na fimbo yake. Zile nyingine, kama Key Wallace Trail, mwachieni kijana atakayeanza kuchoka na kukaa garini. Hata Novemba kupe huwa hai siku zenye joto kidogo, na Maryland kupe wanaambukiza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo soksi zivutwe juu ya suruali, na usiku watoto wakaguliwe nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele. Ukimkuta kupe amenasa, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha. Mafuta ya taa na kiberiti viacheni.

Kituo cha wageni kipo Key Wallace Drive, kina vyoo, na ghorofani kuna mahali pa kukaa ndani kwenye joto mkitazama kinamasi kwa darubini kubwa. Mpelekeni mama huko mara baada ya mzunguko wa kwanza. Siku ya Thanksgiving na siku ya Krismasi hufungwa.

Mwongoza watalii hamhitaji. Hakuna utaratibu wa dereva na gari la kufunguka juu kama kwetu. Watu wa kujitolea kituoni huwa wanajua asubuhi hiyo ndege wako wapi, waulizeni tu. Pia pakueni Merlin, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Cornell inayotambua ndege kwa sauti na kwa picha, na eBird, ambako watu huandika walichokiona Blackwater siku hizo hizo.

Mchana, ndege wakiwa wamelala, kuna jambo ambalo kwangu ndilo linaifanya safari hii istahili kumtoa mtu Moshi. Ardhi hiyo ndiyo ya Harriet Tubman. Alizaliwa utumwani katika wilaya hiyo ya Dorchester karibu mwaka 1822, akatoroka mwaka 1849, halafu akarudi tena na tena kuwatoa wengine usiku kupitia misitu na vinamasi. Akiwa mtoto mdogo alikodishwa kwa mtu mwingine, akatumwa kukagua mitego ya maskrati, maji ya baridi yakimfika kiunoni, hata alipokuwa anaumwa surua. Ndiyo maana nasema anza na kinamasi asubuhi, uone maji yenyewe na uhisi upepo wake wa Novemba, ndipo uende kwenye kituo cha makumbusho yake, kilichofunguliwa mwaka 2017 mwendo mfupi wa gari kutoka hapo. Mama akishaona alichoona asubuhi hatahitaji maelezo marefu. Mwaka 2021 wanaakiolojia walitangaza wamepata mabaki ya nyumba ya baba yake, Ben Ross, ndani ya ardhi ambayo Blackwater ilikuwa imeinunua muda mfupi tu kabla. Kilichokuwa kinatafutwa ni ardhi ambayo kinamasi kitahamia bahari ikipanda, kikapatikana na kiwanja cha mtu huyo. Kwa Neema hayo ni masomo ya mwaka mzima. Kuingia hapo ni bure, ila si siku zote za wiki hufunguliwa. Jumamosi kwa kawaida inafaa.

Chakula cha mchana kuleni Cambridge, au chapati zenu na chai ya tangawizi ya chupa ndani ya gari, hilo halina shida mkiondoka na takataka zenu. Saa tisa na nusu rudini Wildlife Drive kwa mzunguko wa pili. Bata bukini wanarudi kulala majini wakati jua linashuka, mstari juu ya mstari. Mkumbuke lango linafungwa machweo. Mama avae koti zito na blanketi magotini, upepo wa maji wazi unapenya kitenge chochote.

Fedha. Kiingilio cha Wildlife Drive hulipwa kwa gari, si kwa kichwa, na ni dola chache tu; beba noti ndogo ndogo. Lakini huenda msilipe hata hizo. Serikali ya Marekani inatoa kibali cha bure kwa kila mtoto wa darasa la nne, mpango unaitwa Every Kid Outdoors, kinaanza Septemba hadi Agosti inayofuata, na kinaingiza gari zima. Neema mwenyewe aingie kwenye tovuti yao, ajibu maswali mafupi, apate kibali, mkichape kwenye karatasi na akishike yeye mwenyewe langoni. Mwezi Julai kisingekuwepo. Hiyo ni sababu nyingine ya kusubiri. Familia ya pili wakinunua Duck Stamp ya dola 25 itawaingiza kwenye kila hifadhi ya aina hii inayotoza kiingilio hadi mwisho wa Juni. Kile kibali cha wazee wa miaka 62 ni cha raia na wakazi wa kudumu, mama hakimhusu, wala hakihitaji. Tozo ya Bay Bridge ni upande wa kwenda tu, na hakuna mtu wa kumpa fedha mkononi: kamera inasoma E-ZPass, kile kifaa cha kulipia tozo kinachowekwa garini, au namba ya gari, bili inakuja kwa posta na ni kubwa zaidi kwa asiye na E-ZPass.

Yapo makatazo machache ambayo watu wetu huyavunja bila kujua. Mtoto akiokota unyoya, arudishe. Sheria ya ndege wahamaji ya mwaka 1918 inakataza kumiliki unyoya wa karibu kila ndege wa asili wa nchi hii hata kama umeuokota chini, na kwa tai kuna sheria yake ya 1940 yenye adhabu kali. Mama akiona mboga kama mnavu kando ya njia, mkono abaki nao mfukoni, kuchuma hakuruhusiwi. Bata wasitupiwe mkate. Na yule shemeji mwenye droni aiache nyumbani kabisa, hata kwenye buti isiwepo ya kumtia kishawishi.

Jumatano kabla ya safari fungua ukurasa rasmi wa hifadhi uangalie mambo mawili. La kwanza, kama barabara imefungwa kwa maji au matengenezo. La pili, kalenda ya uwindaji wa kulungu, kwa sababu siku hizo baadhi ya njia na sehemu hufungwa. Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki Maryland hufunguliwa Jumamosi inayofuata Thanksgiving, ndiyo maana nimekutajia ile ya kabla yake. Ukikuta Jumamosi hiyo imefungwa, nendeni Jumapili au siku ya katikati ya wiki ukipata ruhusa kazini. Bata bukini watakuwepo, na tiketi ya mama ni ya Desemba.